Mgongo Ulioanguka Hauvutwi

Maneno niliyoyasema mbele ya makocha, wachezaji na wachumaji wa karafuu, Chake Chake, Pemba, siku chache kabla ya msimu kuanza

Assalaamu alaykum.

Wazee wangu, mama zangu, masheha, makocha, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni kwa kukosa viti: nakushukuruni kwa kuja.

Nilipokuwa na miaka 19, kaka yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka, na mti wenyewe ni ule mrefu wa mpakani ambao kila mchumaji alikuwa akiukwepa. Yeye hakuukwepa. Alikuwa juu kabisa, kwenye vitawi vyembamba, anavuta vishada kwa ngoe, na mimi niko chini na pakacha. Nilisikia tawi linalia, kisha majani yanachanika, kisha kishindo. Nilipomfikia alikuwa macho wazi, anatazama juu alikotoka. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Miguu siisikii."

Tulikuwa watu wanne. Mmoja akamshika kwapa la kulia, mmoja la kushoto, wa tatu akaingiza mikono chini ya kiuno. Mimi nilishika miguu. Tukambeba hivyo mpaka barabarani, kichwa kinaning'inia, kiuno kimebonyea kama gunia lisilojaa. Tukamkalisha, nasema tukamkalisha, kwenye pikapu iliyokuwa ikipita, na mtu akamkumbatia kwa nyuma asije akaanguka. Kila shimo tulilopita nililiona usoni mwake. Tulimpenda, na tulifanya kila kitu kwa haraka ya mtu anayempenda nduguye.

Ni kwa sababu ya siku ile nilikwenda kusomea fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi na kwa mikono. Na nilichojifunza mwaka wa kwanza tu, tena bure, kwenye jamvi lililotandikwa chini, ndicho ambacho sisi wanne tungekijua asubuhi ile tusingembeba vile.

Sasa nimeombwa nizungumzie kairopraktiki, ile fani ya kutibu maumivu kwa kusukuma pingili za mgongo kwa mikono. Nimelikubali ombi hilo kwa moyo mmoja, kwa kuwa linanifikisha ninapotaka kufika.

Wengi wenu mmeiona kwenye simu. Mtu amelala kifudifudi juu ya kitanda kirefu cha ngozi, mtaalamu anaweka viganja mgongoni, anasukuma ghafla, pingili zinalia ka-ka-ka, na yule mtu anainuka anacheka. Juzi nilipita kwenye baraza moja baada ya Isha nikamkuta kijana amekaa, mwenzake amesimama nyuma yake, mkono mmoja kidevuni, mwingine kisogoni. Akamzungusha shingo kwa nguvu. Ikalia. Barazani pote wakashangilia. Nilipowauliza mnafanya nini, mmoja akanijibu kwa adabu: "Daktari, si kama wale wa kwenye simu?"

Nilikaa nao karibu saa nzima. Niliwaambia niliyokusudia kukuambieni nyinyi leo.

Mlio ule si wa mfupa unaorudi mahali pake. Kiungo kina ute ndani yake, na ute ule una hewa iliyoyeyuka. Ukikitanua kiungo ghafla, hewa inajitenga na kufanya povu, na hapo ndipo mlio unapotoka. Ndiyo maana ukishakilizia kidole, huwezi kukilizia tena papo hapo. Inabidi usubiri dakika ishirini hivi. Kwa hiyo mlio hauonyeshi kwamba mtu amepona, na kutolia hakuonyeshi kwamba hajapona. Lakini shingoni kuna jambo jingine. Pingili za shingo zina matundu pembeni, na ndani ya matundu hayo inapita mishipa miwili ya damu inayopanda ubongoni, mmoja kila upande. Ukuta wa mshipa mmoja ukichanika kwa kule kuzungushwa ghafla, damu huganda hapo, na bonge likipanda, kijana wa miaka 20 anapata kiharusi. Ni nadra. Hata mikononi mwa mtaalamu jambo hilo limeelezwa kuwa la nadra, na yeye kwanza anauliza, anapima, na anajua nani asimguse. Vijana wa baraza hawajui. Shingo ya mwenzako si kidole. Iacheni.

Fani yenyewe ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1895 mtu aitwaye Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa sumaku, aliusukuma mgongo wa Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alimokuwa na ofisi, ambaye kwa miaka alikuwa hasikii vizuri. Ikasemwa kwamba kusikia kumerudi. Palmer akajenga juu ya tukio hilo nadharia kuwa karibu maradhi yote yanatokana na pingili zilizohama, na mwaka 1897 akafungua skuli ya kufundisha. Nadharia ile haikusimama. Mshipa wa fahamu wa sikio unatoka kwenye ubongo moja kwa moja, haupiti mgongoni. Basi mkimsikia yeyote, awe wa kwenye simu au wa kijiji cha pili, anasema kwa kuunyoosha mgongo atatibu pumu, sukari au uziwi, jueni anauza kitu ambacho mikono haina.

Ila mikono ina chake, na nataka niliseme hili kwa heshima. Neno kairopraktiki limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni kazi itendwayo kwa mikono. Jina hilo lingewafaa hata bibi zetu. Nani hapa hajapata kukandwa na bibi kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na karafuu? Nani hajachuliwa goti na fundi baada ya mechi? Watu wazima wa visiwa hivi walijua zamani kwamba mgongo uliochoka unapata nafuu ukiguswa na mtu anayejua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Ndani yake yamo mazoezi, kumfahamisha mgonjwa hali yake, kukandwa, na kule kusukumwa kwa pingili wanakokufanya wenye kairopraktiki. Yote hayo yamekubaliwa kwa kiasi chake, yakienda pamoja. Mwongozo huohuo umeyakataa mengine, na mojawapo ni kuvuta: mtu kulazwa akavutwa kichwa huku na miguu huku ili mgongo unyooke. Mikanda ya kiunoni nayo imekataliwa. Najua baadhi yenu mmeivaa leo.

Na huyo mwenye kairopraktiki wa kweli si mtu aliyejifunza kwa kutazama. Shirika hilohilo lilipoandika miongozo yake mwaka 2005 lilisema asiyetoka kwenye fani nyingine ya afya asome si chini ya saa 4,200 kwa miaka minne, na katika hizo saa 1,000 awe mbele ya wagonjwa chini ya msimamizi. Kwa hiyo ukikutana naye, Dar es Salaam au popote utakapofika, una haki ya kumuuliza amesoma wapi na miaka mingapi. Aliyesoma hatakasirika. Na atakuuliza maswali mengi kabla hajakugusa. Asipokuuliza, inuka uvae shati lako.

Nafika sasa kwenye neno lenyewe. Kuna mgongo uliochoka, na kuna mgongo ulioanguka. Ni migongo miwili mbalimbali, na madhara mengi niliyoyaona katika kazi yangu yametokea pale mgongo wa pili ulipotendewa kama wa kwanza.

Mgongo uliochoka ni wa hamali wa bandarini Mkoani. Ni wa mama aliyeinamia jamvi la karafuu tangu alfajiri, wa dereva wa bodaboda, wa beki aliyecheza dakika tisini juu ya ardhi ngumu kama saruji. Duniani mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, kwa hiyo ukiumwa hujarogwa wala hujazeeka kabla ya wakati. Sehemu kubwa hupoa yenyewe ndani ya wiki chache. Hata diski, ule mto laini ulio baina ya pingili na pingili, ikitokeza na kuugusa mshipa mpaka maumivu yateremke mguuni, mara nyingi hunywea yenyewe kwa kadiri miezi inavyopita. Kinachoharibu ni kulala. Mtu akiumwa kiuno hapa kwetu anaambiwa alale wiki nzima, asinyanyuke hata kuchota maji. Misuli inayeyuka, woga unaingia, na wiki inazaa mwezi. Tembea. Fanya kazi zako nyepesi. Ukandwe ukipenda. Kisha mgongo utiwe nguvu.

Wachezaji, hapa nakaa kidogo. Mnamjua Usain Bolt. Mwaka 2009 mjini Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, na mpaka leo hakuna aliyempita. Uti wa mgongo wa Bolt umepinda pembeni. Hali hiyo huitwa skoliosisi. Haukunyooshwa na mtu. Mwenyewe ameeleza kwamba aliishi nao kwa kuitia nguvu misuli ya tumbo na ya mgongo, mwaka baada ya mwaka. Wataalamu wa kairopraktiki wamo katika michezo mikubwa kwa muda mrefu. Marekani ilimchukua mmoja katika kikosi chake cha Olimpiki ya majira ya baridi ya 1980 kule Lake Placid. Lakini kazi yao kwa mwanariadha ni kumpunguzia maumivu na kukirudishia kiungo wepesi wake, ili aweze kwenda kufanya mazoezi. Mazoezi hayafanywi na mwingine. Makocha wangu wa Gombani na wa viwanja vya shamba, dakika kumi za kuimarisha kiwiliwili, mara tatu kwa wiki, hazihitaji kifaa chochote. Lala kifudifudi, jiegemeze kwenye viwiko na vidole vya miguu, mwili uwe kama ubao, hesabu thelathini. Nitakuonyesheni baada ya chai.

Upo na mgongo wa tatu ambao unajifanya umechoka kumbe una maradhi ndani. Mtu anaumwa mgongo usiku kuliko mchana, anatoka jasho, anakonda, ana homa za jioni, na pengine kinundu kimeanza kutokeza katikati ya uti. Huyo anaweza kuwa na kifua kikuu cha mgongo. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinakula pingili mpaka zinakuwa kama biskuti iliyoloa. Mkandaji akimkalia huyo mgongoni, pingili inavunjika. Dawa zake zipo hospitalini, na hazilipiwi. Wazee ambao mifupa yao imekuwa myepesi, na aliyewahi kutibiwa saratani, nao waonwe na daktari kabla ya mkono wa mtu yeyote.

Na kuna hili ambalo watu wanaona haya kulisema. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukiumwa kiuno, kisha ukahisi ganzi sehemu za siri na baina ya mapaja, pale panapokaa kwenye tandiko ukipanda punda. Au mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua. Au miguu yote miwili inalegea: hapo usiku huohuo uende hospitali. Usingoje asubuhi wala usiende kwa mkandaji. Mishipa ya chini ya uti imebanwa, na saa zinahesabiwa. Nimemwona mwanamme aliyeficha jambo hili siku nne kwa sababu daktari wa zamu alikuwa mwanamke.

Turudi kwa ulioanguka.

Ndani ya tundu la pingili unapita ugwe wa mgongo. Unene wake ni kama kidole chako kidogo, urefu wake sentimita 45 hivi kwa mwanamme, unashuka kutoka kwenye ubongo na kuishia juu kidogo ya kiuno. Kila amri ya mguu inapita hapo, na kila habari ya maumivu, ya joto, ya mkojo uliojaa. Ugwe huu ni laini kama papai lililoiva. Umelindwa na mifupa, na mfupa ukivunjika, mlinzi anageuka kisu. Mtu anaweza kuanguka, pingili ikavunjika, na ugwe ukabaki mzima. Kisha wakaja wanaompenda wakamkalisha.

Kwa hiyo aliyeanguka mkarafuuni au mnazini, aliyepinduka na Vespa au bodaboda, kipa aliyetua kwa kichwa, kijana aliyerushwa kwenye mchezo wa ng'ombe Kengeja, na yule mtoto aliyejitupa kichwa mbele gatini bila kujua maji yameshakupwa, wote hao wahesabuni kuwa uti umevunjika mpaka hospitali iseme haukuvunjika. Hata akisema hajambo. Hata akitaka kuinuka mwenyewe.

La kwanza, mmoja wenu apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa viganja viwili pembeni ya masikio, akiweke kama alivyokikuta. Mtu huyo haondoki hapo. Awe anazungumza naye: mwambie jina lako, mwambie usitikise shingo, gari linakuja. Kama kavaa helmeti na anapumua vizuri, iacheni kichwani. Asipewe maji. Asipigwe makofi azinduke. Asivutwe vidole vya miguu kuonwa kama vinafanya kazi. Muulize tu kama anasikia ukimgusa, na kama anaweza kuvichezesha mwenyewe. Akiwa baharini, mgeuzeni uso juu, mwili wote kwa pamoja, mumweleeshe hapohapo majini mpaka mfike wengi. Kitu kimoja ndicho kinachotangulia haya yote, nacho ni pumzi. Kama hapumui, au yuko kwenye moto, mnamtoa na mnamsaidia apumue. Anayevunjika juu, kwenye shingo, anaweza kukosa pumzi kwa sababu mshipa unaoendesha kiwambo cha pumzi unatoka kwenye pingili ya tatu, ya nne na ya tano ya shingo.

La pili ni ubao. Nimeongea na fundi seremala mmoja hapa mjini, na nakuombeni kila timu na kila shehia yenye mikarafuu mzungumze na wenu. Ubao mmoja ulionyooka, urefu futi sita na nusu, upana futi moja na nusu, usipigwe msumari wowote upande wa juu, na utobolewe matundu marefu kandokando ya kupitishia mikono na kamba. Ukae skuli, au msikitini, au kwa sheha, pahala ambapo kila mtu anapajua. Wakati wa msimu upelekwe shamba pamoja na kamba na majamvi. Asiyekuwa na ubao atumie mlango. Bawaba zinang'oka kwa dakika moja, na mlango unarudishwa kesho. Lakini ubao ni wa kubebea tu: akifika hospitali atolewe juu yake, kwa sababu asiyesikia mwili wake ukimlaza juu ya kitu kigumu ngozi inaanza kufa pale palipogandamizwa, na yeye hasemi kwa kuwa haumwi.

Na hospitali ni ya karibu kwanza, iwe Chake, Wete, Micheweni au Abdalla Mzee kule Mkoani. Wao ndio watakaoamua kama apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja, ambako kuna Taasisi ya NED inayopasua ubongo na uti wa mgongo. Nawaona mafundi wa kuunga mifupa wamekaa hapa mbele, na nimefurahi mmekuja. Wazee wangu, mkono uliovunjika mnauweza kuliko baadhi yetu. Uti nakuombeni muwe nyinyi wa kwanza kusema "huyu si wangu". Watu wanakusikilizeni kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Kaka yangu hakusimama tena. Daktari aliyetupokea hakutulaumu, na kaka yangu mwenyewe hajanilaumu hata siku moja, ila mimi najua nilivyoishika ile miguu. Aliporudi nyumbani, jamaa walileta fundi. Mtu mwema, mikono yake mizuri, akamfunga shuka chini ya makwapa, wakamvuta watu wawili huku na wawili huku. Akamkanda miguu kwa mawe ya moto yaliyofungwa kitambaani. Kaka yangu alikuwa akitabasamu kwa sababu haumwi. Jioni mama alipomfunua, ngozi ya mashavu ya miguu yote miwili ilikuwa imevua kama ya muhogo uliochemshwa.

Watu wananiuliza mpaka leo: hawa wa kairopraktiki wa Ulaya na Marekani, hawawezi kumnyoosha akatembea? Hapana. Ugwe uliokatika haushonwi kwa kusukuma mfupa. Na mgongo ule usisukumwe kabisa pale ulipovunjika. Mifupa ya miguu isiyobeba mwili inakuwa myepesi. Nimeona paja likivunjika kwa kunyooshwa tu na mtu mwenye haraka. Anachoweza kufaidika nacho ni mikono ya taratibu kwenye mabega na shingo, kwa sababu mabega yake ndiyo miguu yake sasa, na yanachoka.

Kilichomweka hai ni mama. Kila saa mbili alimgeuza, ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Usiku aliweka saa ya mlio chini ya mto wake, akaamka, akamgeuza, akapitisha kiganja kwenye visigino na kwenye makalio akitafuta doa jekundu, akalala tena. Miezi na miezi. Mama hakuwahi kusikia habari za Ludwig Guttmann. Huyu alikuwa daktari Myahudi aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, akapewa mwaka 1944 wodi ya waliovunjika uti vitani, hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Zama hizo waliopooza miguu walikuwa wakilazwa kungoja kufa, na wengi walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya mkojo. Guttmann akaamuru wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, na mikojo yao iangaliwe kwa usafi. Wakaanza kuishi. Walipoanza kuishi akawapa mishale na mipira. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London inafunguliwa, alipanga mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde kwenye uwanja wa hospitali: askari 16 wa zamani, wanaume na wanawake, wote juu ya viti vya magurudumu. Mwaka 1960 mjini Roma walikuwa wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Hiyo ndiyo Paralimpiki.

Leo duniani wako watu zaidi ya milioni 15 wanaoishi na uti ulioumia. Kaka yangu ni mmoja wao. Anatengeneza simu, amefunga ndoa, anajitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi, kila baada ya saa chache. Mkiwa na wa kwenu, shikeni na hili: aliyevunjika kuanzia kifuani juu, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, uso ukawa mwekundu na jasho likamtoka, mkalisheni wima haraka na muangalie kibofu kimejaa au mpira umeziba. Presha inapanda kwa kasi, na inaweza kuua. Kisha hospitali.

Yeye ndiye aliyenituma. Nilimwambia jana naja kusema kuhusu kairopraktiki akasema: "Waambie wanilaze. Wangenilaza tu."

Basi naomba vijana watano waje hapa mbele. Na wewe wa sita, mwembamba, lala juu ya jamvi hili, chali, jifanye umeanguka. Mlango ule pale tumeung'oa chooni, wenye skuli watusamehe. Wewe mrefu, njoo upige magoti kichwani, viganja viwili, hivyo, viwiko viegemee mapajani usichoke. Wewe ndiye mkubwa wao sasa. Hakuna anayesogea mpaka uhesabu. Wengine watatu mkae upande mmoja: bega, kiuno, magoti. Mikono yenu ipishane. Wa tano ashike mlango. Tutamgeuza kama gogo, kichwa, bega na kiuno kwa mstari mmoja, mlango utaingizwa mgongoni, kisha tutamrudisha. Wazee, sogeeni mwone vizuri. Wewe kichwani, hesabu kwa sauti mpaka tatu.